Ukoo umetawanyika kuanzia Pangani hadi Toronto: tukutane vipi mtandaoni?

SWALI: Babu yetu mkuu aliishi Pangani, akaoa wake wawili na kujaaliwa watoto tisa. Leo wajukuu, vitukuu na vilembwe wake wako Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Muscat, Dubai, London, Toronto na Minneapolis. Kwa hesabu ya haraka tunafika watu 180. Mwaka jana tulijaribu kukutana kwa Zoom. Simu 70 ziliingia, kila mtu akawa anasalimia, wazee hawakusikia kitu, na mkutano ukakatika hata dua haijasomwa. Tunataka kujaribu tena Julai. Tuanzie wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kukatika kwa mkutano ndiyo shida ndogo kuliko zote. Akaunti ya bure ya Zoom hufunga kikao baada ya dakika 40, na kwa Google Meet ya bure kikao cha watu watatu au zaidi huishia dakika 60. Mtu mmoja akilipia mwezi mmoja wa Zoom na kuukatisha baada ya shughuli, jambo hilo limekwisha. Shida yenu kubwa ni zile simu 70. Ukoo mkubwa huunganishwa nyumba kwa nyumba. Kila mtu akiingia kwa simu yake, mnakuwa na maiki 70 zilizo wazi, feni 70, watoto wanaolia, na mzee wa miaka 80 anayeangalia vichwa vidogo mfano wa stempu kwenye kioo cha simu.

Kwa hiyo anzeni kwa kupanga vituo. Kituo ni nyumba moja ambako ndugu wa mji au mtaa mmoja wanakusanyika mbele ya kifaa kimoja. Kwa watu 180 waliotawanyika kama ninyi, vituo 20 hadi 25 vinatosha: vitatu au vinne Tanga na Pangani, vinne Dar es Salaam, viwili Mombasa, na kadhalika. Anayeishi peke yake mbali na wenzake ndiye kituo cha mtu mmoja. Kila kituo kiwe na mzee wake na kijana mmoja asiye na kazi nyingine siku hiyo ila kifaa. Asiwe yule anayepika wala anayepokea wageni.

Kifaa bora ni kompyuta ya mkononi iliyounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, ili nyuso zionekane kubwa. Kama hakuna, simu nzuri iliyoegemezwa kwenye kitu imara kwa usawa wa macho inafaa. Mzee akae umbali usiozidi mita moja na nusu kutoka kwenye maiki, uso wake ukielekea dirisha. Akilipa dirisha mgongo ataonekana kivuli kitupu. Feni ya juu izimwe anapozungumza, au apewe maiki ya waya ya kubana kwenye nguo. Jihadharini na spika za bluetooth: nyingi zina maiki ndani yake, na mara tu zinapounganishwa programu huhamia kwenye maiki hiyo bila kumuuliza mtu. Spika ikiwa juu ya kabati mwisho wa sebule, watu wa London watasikia sebule nzima isipokuwa mzee. Ingieni kwenye mipangilio ya sauti, chagueni spika hiyo kwa kusikiliza tu na maiki ya kompyuta kwa kusema.

Ule mlio mkali na mwangwi mliousikia mwaka jana hutokana na vifaa viwili vilivyo wazi katika chumba kimoja. Sauti inayotoka kwenye spika ya kimoja huingia kwenye maiki ya kingine, inarudi kwenye mkutano, inatoka tena, na kila mzunguko inazidi nguvu. Kuzima maiki pekee hakutoshi. Kifaa cha pili kizimwe maiki na spika pia, au mwenye nacho ahamie chumba kingine na avae visikilizio.

Bando nalo linaokolewa na vituo. Kikao cha video cha watu wengi hula kuanzia MB 800 hadi zaidi ya GB 2 kwa saa kwa kila kifaa, kulingana na ubora wa picha. Sauti pekee hula makumi machache tu ya MB. Nyumba yenye simu sita zilizounganishwa kwenye hotspoti moja itakwama kabla ya salamu kuisha. Kijana wa kituo awe na laini ya mtandao wa pili na simu iliyojaa chaji, ili umeme ukikatika aingie kwa sauti tu na wazee waendelee kusikia. Mwenyeji wa mkutano, yaani mwenye akaunti iliyolipiwa, awe mahali ambapo umeme na intaneti havibahatishwi, na kabla ya kuanza ateue msaidizi kwenye mji mwingine. Heshima ya uenyekiti ibaki kwa mzee wenu wa Tanga. Kubonyeza vitufe si uenyekiti.

Sasa orodha, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Mna watoto tisa wa babu mkuu, basi mna milango tisa. Kila mlango uteue msimamizi mmoja, na huyo tu ndiye anayekusanya majina ya mlango wake. Usifungue kundi la WhatsApp la watu 180 na kuomba kila mtu atume majina ya watoto wake: utapata dua, picha za maua, na majina 30 yasiyojulikana ni ya nani. Fungua kundi la watu 10, yaani wasimamizi tisa na mwandishi, na kila msimamizi awe na kundi dogo la mlango wake.

Mwandishi atengeneze jedwali moja la mtandaoni ambalo wasimamizi wote wanaliona lakini yeye peke yake ndiye anayelihariri. Safu zake: namba ya mtu, jina lake na la baba na la babu, jina lililo kwenye pasi yake, jina analoitwa nyumbani, jina la mama, mwaka wa kuzaliwa, neno “hakika” au “takriban”, mahali alipozaliwa, yu hai au marehemu, na mji anakoishi. Namba za simu zisiwemo. Hizo abaki nazo msimamizi.

Namba ya mtu ifuate njia ya uzao. Babu mkuu ni 1. Watoto wake ni 1.1 hadi 1.9. Mtoto wa pili wa 1.4 ni 1.4.2, na mtoto wa tano wa huyo ni 1.4.2.5. Kwa kuangalia tu unajua 1.4.2.5 ni kitukuu wa babu mkuu, ni wa mlango wa nne, na ni kizazi kimoja na 1.7.1.3. Watoto wa wake wawili waandikwe pamoja kwa mpangilio wa kuzaliwa, na safu ya mama ndiyo itofautishe matumbo. Kuwatenga kwa namba ni kuamsha maneno ambayo wazee wenu wenyewe walishayazika.

Yako mambo mawili yatakayowasumbua. La kwanza: atajitokeza ndugu aliyesahauliwa, na itabainika kuwa ni mkubwa kuliko wale mliokwisha kuwapa namba. Msipange upya. Mpeni namba inayofuata na mwaka wake uonyeshe nafasi yake, kwa sababu ukibadilisha namba moja unabadilisha za kizazi chake chote, na karatasi zilizokwisha kutumwa Muscat zinakuwa na namba tofauti na za Tanga. La pili ni ndoa za binamu, ambazo pwani ni za kawaida. Mtoto wa mlango wa tatu akimwoa mtoto wa ami yake wa mlango wa sita, watoto wao ni wa milango yote miwili. Wapeni namba moja tu, tuseme ya upande wa baba, na upande wa mama muandike “tazama 1.3.2.4”. Msipofanya hivyo mtawahesabu mara mbili, na siku ya mkutano milango miwili itagombea nani awataje.

Majina nayo hupotea njiani. Nyumbani mtu hujulikana kwa jina lake, la baba na la babu, kwa hiyo jina la mwisho linabadilika kila kizazi. Aliyehamia Kanada jina lake la tatu limegeuka la familia na watoto wake wote wanalibeba. Aliyekwenda Oman huenda pasi yake ina jina la kabila mwishoni ambalo nyumbani hakuna aliyekuwa akilitumia. Hapo watoto wa ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wana majina matatu ya mwisho yasiyofanana. Ongeza tahajia: Seif na Saif, Salim na Salem, Mohamed na Muhammad. Ndiyo maana safu ya jina la pasi na ya jina la nyumbani ni lazima zote mbili. Bi mkubwa aliyeko Pangani anamjua mtu kwa jina la utotoni, na mjukuu wa Minneapolis anamjua kwa lililo kwenye pasi.

Tarehe za kuzaliwa zichukuliwe kwa uangalifu. Ukiona wazee wengi wamezaliwa 1 Januari, hiyo ni tarehe iliyojazwa ofisini kwa sababu haikujulikana. Andika mwaka na neno “takriban”. Njia nzuri ya kupata mwaka ni kumuuliza mzee kwa matukio: wakati wa uhuru wa 1961 marehemu alikuwa ameshaolewa? Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964, yalimkuta na watoto wangapi? Azimio la Arusha la 1967 alikuwa bado anafanya kazi kwenye mkonge? Vita vya Kagera, 1978 na 1979, nani alikuwa bado anabebwa mgongoni? Kwa vizazi vya juu zaidi Tanga ina alama yake: mapigano ya Novemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani. Majibu mawili au matatu ya namna hiyo yatakupa mwaka wenye makosa ya miaka miwili mitatu, na huo unatosha.

Maswali hayo yatumwe kwa mzee mmoja baada ya mwingine kwa ujumbe wa sauti, swali moja kila ujumbe, na kijana aliye naye arekodi jibu. Mzee akipelekewa maswali kumi kwa pamoja atajibu la mwisho. Picha za zamani zipigwe karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha, na nyuma ya picha pia ipigwe kwa sababu huko ndiko kuna mwandiko. Zitumwe kwa WhatsApp kama faili. Zikitumwa kama picha za kawaida zinapunguzwa ubora, na sura za watu wa mstari wa nyuma zinafutika.

Wiki mbili kabla ya mkutano kila mlango utumiwe ukurasa wake, ukiwa na mapengo na makosa yake kama ulivyo. Hakuna kinachomvuta mzee mbele ya kamera kama jina la mama yake lililoandikwa vibaya.

Kuhusu siku, chagueni Jumamosi. Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Imarati, tangu 2022, ni Jumamosi na Jumapili. Uingereza, Kanada na Marekani vilevile Jumamosi na Jumapili. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo wote wamepumzika, hata kama Tanga wengine wanafanya kazi hadi mchana. Saa nzuri kwa Julai ni 10:30 alasiri ya Afrika Mashariki. Hapo Muscat na Dubai ni 11:30 jioni, London 8:30 mchana, Toronto 3:30 asubuhi na Minneapolis 2:30 asubuhi. Mkimaliza kwa dakika 75, Tanga magharibi haijaingia na Muscat, ambako Julai jua huzama karibu na saa 1 usiku, nao wanawahi.

Tangazo lakini lisiandikwe kwa saa za Kiswahili peke yake. Kijana aliyekulia Toronto akisoma “saa 10:30” ataelewa saa nne na nusu, na hatakuwa amekosea kwa mazoea yake. Kila mji uandikiwe mstari wake kwa mtindo wa saa 24: Tanga 16:30, Muscat 17:30, London 14:30, Toronto 09:30, Minneapolis 08:30. Mkisogeza mkutano mwezi mwingine msinakili mistari hiyo. Afrika Mashariki na Ghuba hazibadilishi saa, lakini Uingereza huzisogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na Marekani na Kanada Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kati ya tarehe hizo kuna wiki ambazo hata tofauti ya London na Toronto si ile mliyoizoea.

Msitegemee simu ya video ya WhatsApp. Kwanza mwisho wake ni watu 32, pili Imarati simu za WhatsApp zimefungwa. Zoom hutumika huko, ila ijaribuni na ndugu aliye Dubai na aliye Muscat wiki moja kabla, na msimshauri mtu atumie VPN (programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao), inaweza kumtia matatani kisheria. Siku hiyo hiyo ya majaribio kila kituo kiingie kwa dakika tano: sauti, taa, na jina. Jina la kifaa liwe “Mlango 4 Muscat”, lisiwe “Samsung A14”, kwa sababu fundi, yaani yule mwenyeji wa mkutano, atagawa watu kwa kusoma majina hayo. Nyumba yenye watu wa milango miwili iandike namba zote mbili.

Ratiba iwe hivi. Robo saa kabla, mkutano ufunguliwe kwa majaribio. Mzee wa ukoo afungue kwa dua na maneno yake, dakika 7. Zifuate dakika 5 za kuwataja marehemu waliotangulia tangu mara ya mwisho mlipokutana, wasomwe na mtu mmoja aliyefanya mazoezi ya majina. Kisha milango tisa, dakika 3 kila mmoja, msemaji akitaja waliozaliwa, waliooa na kuolewa, waliohama, na kurekebisha jina moja au mawili kwenye jedwali. Hizo ni dakika 27. Dakika 20 za vyumba vidogo, yaani mkutano ukigawanywa kwa muda katika makundi madogo ya mazungumzo. Matangazo dakika 6, dua ya kufunga 5. Jumla 70, na tano zilizobaki zitaliwa na maiki zilizosahaulika.

Salamu ndizo zilizowaua mwaka jana. Mila yetu inamtaka kila mdogo aamkie, na kila mkubwa aulize habari za nyumbani, watoto na kazi. Watu 70 wakifanya hivyo saa nzima imeisha, na ukiwakataza unaonekana umewafundisha vijana utovu wa adabu. Suluhisho ni kila mlango uamkie kwa pamoja zamu yake inapofika: watoto na vijana wote wa vituo vyake wawashe maiki, waseme shikamoo mara moja, wazee waitikie marahaba, maiki zizimwe, msemaji aanze.

Kwenye vyumba vidogo fundi aweke vituo vitatu au vinne pamoja, avichanganye makusudi: Pangani na Toronto, Mombasa na Dubai. Vijana wanaotaka chumba chao waingie wakati huo kwa simu zao, kutoka chumba kingine cha nyumba, wakiwa na visikilizio. Wapeni kila chumba swali moja la kujibu, mfano nani kati yetu ana sura ya babu mkuu kwenye ile picha. Vyumba visivyo na swali hukaa kimya dakika nne kisha watu wanatoka.

Kusoma au kuimba pamoja haiwezekani mtandaoni. Sauti ya Toronto inafika Tanga ikiwa imechelewa sehemu ya sekunde, na sauti 20 zilizochelewa kila moja kwa kiasi chake ni makelele. Mmoja asome, wengine waitikie maiki zikiwa zimezimwa. Kama kuna kasida na dufu, kituo kinachopiga kizime kichujio cha kelele cha Zoom na kuwasha sauti halisi, la sivyo programu itaidhania ngoma kuwa ni kelele na kuikata.

Wapo watakaokuwa hawajui Kiswahili. Tafsiri ya mdomo itaongeza muda maradufu. Teueni mtu mmoja wa Kiingereza na mmoja wa Kiarabu waandike muhtasari kwenye sehemu ya ujumbe wakati mzungumzaji anaendelea, sentensi mbili tatu kwa kila mlango.

Mirathi, mashamba na nyumba za Pangani visiguswe kabisa siku hiyo. Mwenyekiti atangaze hilo mapema kwa wasimamizi, na fundi awe na ruhusa ya kuzima maiki ya atakayeanza. Vilevile michango isichangishwe ndani ya mkutano. Matapeli wanapenda sana makundi ya namna hii: wanachukua picha na jina la shangazi, kisha ujumbe unatumwa Muscat kwamba hela itumwe kwenye namba nyingine. Awepo mweka hazina mmoja, namba moja, na yeyote anayeona namba mpya ampigie simu kwanza.

Kiungo cha mkutano kipitie kwa wasimamizi asubuhi ya siku yenyewe, chumba cha kusubiri kiwashwe, na mtu mmoja mwenye orodha ya vituo awe ndiye anayefungua. Mkitaka kuweka nasaba kwenye tovuti kama FamilySearch, ambayo ni bure, kumbukeni kwamba marehemu wataonekana na kila mtu na yeyote anaweza kuwahariri. Walio hai wafichwe: tarehe ya kuzaliwa na jina la ukoo wa mama ndiyo maswali ambayo benki nyingi za ng'ambo huuliza kumtambua mteja.

Kurekodi ni vizuri, ila tangazeni tangu mwanzo na vyumba vidogo visirekodiwe. Ndani ya siku mbili mwandishi asahihishe jedwali kwa yaliyosemwa, atume nakala mpya yenye tarehe kwenye jina la faili, na kila msimamizi achapishe ukurasa wa mlango wake kwa herufi kubwa ampelekee mzee asiyetumia simu, pamoja na kalamu.